Pigo Lisiloandikwa: Jinsi Kizuizi cha Sinoatria Kilivyotambuliwa

Wahenga walisema kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Methali hiyo aghalabu hutajwa juu ya watu, lakini yafaa kutajwa juu ya moyo pia. Katika karatasi ambayo juu yake moyo huandika umeme wake, kipo kimya cha namna moja ambacho vizazi kadhaa vya wataalamu vilishughulika kukifasiri. Huitwa kizuizi cha sinoatria. Alama nyingi za maradhi katika karatasi hiyo ni vitu vilivyochorwa. Hii hujulikana kwa kitu ambacho hakikuchorwa. Habari ya kutambuliwa kwake, basi, ni habari ya watu waliojifunza kusoma mahali patupu.

Moyo wa binadamu una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Katika ukuta wa chumba cha juu cha kulia, pale mshipa mkuu uletao damu kutoka kichwani na mikononi unapoingia, pana kipande kidogo cha nyama kiitwacho nodi ya sinoatria. Hapo ndipo amri ya kila pigo hutoka. Amri hupita njia fupi mpaka kuta za vyumba vya juu, kisha hushuka vyumba vya chini. Nodi yaweza kufananishwa na liwali aandikaye barua kila siku saa ile ile na kumpa tarishi aipeleke mjini. Siku ambayo barua haikufika, watu wa mjini hawajui kama liwali hakuandika au kama tarishi alipotelea njiani. Kwa macho yao siku hiyo ni tupu tu. Kizuizi cha sinoatria ni barua iliyoandikwa isifike. Kusita kwa nodi ni barua ambayo haikuandikwa. Kuyapambanua mambo hayo mawili ndilo fumbo lenyewe.

Fumbo hili lilianza kabla nodi haijajulikana. Mwaka 1852 Hermann Stannius, mtaalamu wa Kijerumani, alifunga uzi katika moyo wa chura, baina ya kifuko kipokeacho damu ya mishipa na chumba cha juu. Moyo ukasimama, lakini kile kifuko kikaendelea kupiga kwa mwendo wake. Amri ilikuwa ikitolewa, bali njia ilikuwa imefungwa. Katika miaka ya 1880 Walter Gaskell wa Cambridge aliichunguza mioyo ya kobe, akaibana njia ya amri kidogo kidogo badala ya kuifunga kabisa. Akaona kwamba njia ikibanwa kiasi, pigo moja hupita na moja hukwama. Ikibanwa zaidi, yanayokwama huwa mengi zaidi. Kwa hiyo kizuizi hakina budi kuwa na daraja: kipo cha kuchelewesha, kipo cha kukatisha mara kwa mara, na kipo cha kufunga njia moja kwa moja.

Mwaka 1899 Karel Frederik Wenckebach, tabibu wa Uholanzi, alitazama michoro ya mapigo ya mshipa wa mgonjwa ambaye mapigo yake yalikuja kwa mafungu, kila fungu likafuatwa na pengo. Hakuwa na chombo cha umeme. Alikuwa na mstari uliochorwa na mtikisiko wa damu, na subira ya kupima. Katika vipimo hivyo aligundua kwamba amri ilizidi kuchelewa njiani pigo baada ya pigo, hata moja likashindwa kabisa kupita. Kisha njia, baada ya kupumzika, ikafunguka upya. Kanuni hiyo, aliyoieleza kwa njia iendayo vyumba vya chini, baadaye ilionekana kufaa vilevile kwa njia fupi itokayo katika nodi.

Nodi yenyewe ilipatikana katika kiangazi cha mwaka 1906, katika nyumba ya shamba huko Kent, Uingereza. Arthur Keith, mtaalamu wa maumbile ya mwili, alikuwa na mwanafunzi wake wa udaktari aitwaye Martin Flack. Siku moja Keith aliporudi matembezini, Flack alimwonyesha katika darubini kitu cha ajabu ndani ya moyo wa fuko: nyuzi zilizosukana kwa namna ya peke yake, mahali mshipa mkuu unapokutana na chumba cha juu. Walipotafuta katika mioyo ya wanyama wengine na ya binadamu, wakakikuta mahali pale pale. Wakatangaza habari hiyo mwaka 1907. Mwaka 1910 Thomas Lewis wa London alithibitisha kwa vipimo vya umeme kwamba hapo ndipo pigo la moyo huanza.

Chombo kilichowezesha vipimo hivyo kilitengenezwa na Willem Einthoven, aliyezaliwa Semarang katika kisiwa cha Java mwaka 1860 na kuwa profesa katika chuo kikuu cha Leiden. Kabla yake, mwaka 1887, Augustus Waller alikuwa amekwisha kuonyesha huko London kwamba umeme wa moyo wa mtu waweza kunaswa kutoka nje ya mwili, ila mchoro wake ulikuwa mzito na wenye ukungu. Einthoven alining'iniza uzi mwembamba mno, uliopakwa fedha, katikati ya sumaku yenye nguvu. Umeme wa moyo ulipopita, uzi ulicheza, na kivuli chake kikapigwa picha. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi na ilihitaji watu watano kuiendesha, huku mgonjwa ametumbukiza mikono na mguu katika maji ya chumvi. Einthoven aliyapa mawimbi herufi P, Q, R, S na T, ambazo hutumika mpaka leo, na mwaka 1924 akatunukiwa Tuzo ya Nobel.

Pamoja na ufundi wote huo, pigo la kwanza kabisa halikuandikwa. Wimbi P ni la kuta za vyumba vya juu. Si la nodi. Umeme wa nodi ni mdogo mno hata haufiki juu ya ngozi kwa nguvu ya kuchora chochote. Karatasi huanza habari yake katikati, kama watu wa mjini wanaomwona tarishi akiwasili bila ya kumwona liwali akiandika. Kwa sababu hiyo kizuizi cha daraja ya kwanza, ambacho huichelewesha kila amri kwa kiasi kile kile, hakiwezi kuonekana katika karatasi ya kawaida: barua zote zimechelewa sawasawa, na hakuna ajuaye. Cha daraja ya tatu, ambacho hakiruhusu amri hata moja, hakiwezi kutofautishwa na kusita kwa nodi. Ni daraja ya pili tu, iliyo baina ya hizo mbili, ambayo huacha nyayo.

Nyayo zake husomwa kwa bikari na hesabu. Karatasi hukimbia kwa desturi milimita 25 kwa sekunde, hata kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. Msomaji hupima nafasi kutoka wimbi P moja hadi jingine, kisha hulipima pengo. Katika pengo la kizuizi cha sinoatria hukosekana wimbi P pamoja na yote yanayolifuata. Iwapo wimbi P lipo na mawimbi ya vyumba vya chini hayapo, njia iliyokatika ni nyingine, iliyo chini zaidi. Katika namna iliyo nyepesi kutambulika, pengo huwa mara mbili, au mara tatu, ya nafasi ya kawaida. Liwali hakuacha kuandika. Kwa hiyo barua ya pili yake hufika siku yake hasa. Lakini kama liwali mwenyewe alisita, atakapoanza tena hafungwi na hesabu ya zamani, na pengo halitagawanyika sawasawa.

Namna ya Wenckebach ni ngumu zaidi, kwa kuwa inakwenda kinyume cha matarajio. Twaa mfano wa nodi itoayo amri kila baada ya sekunde 0.80. Amri ya kwanza yachelewa njiani sekunde 0.10, ya pili 0.20, ya tatu 0.25, na ya nne haifiki. Nafasi ya kwanza baina ya mawimbi P itakuwa sekunde 0.90, na ya pili 0.85. Amri ya tano itakapopita kwa kuchelewa 0.10 tena, pengo litakuwa sekunde 1.45, yaani pungufu ya maradufu ya nafasi iliyolitangulia. Ucheleweshaji unazidi, lakini nyongeza yake inapungua. Ndiyo sababu mapigo hukaribiana kabla ya pengo badala ya kuachana. Asiyeijua hesabu hii hudhani kwamba moyo unakwenda ovyo, kumbe unatii kanuni.

Hapa hekima ya kupima hukutana na dhamana ya uhai. Mtu mzima aangukaye na kuzirai, karatasi yake ikawa na pengo, yamkini ana mojawapo ya mambo mengi. Sababu ya mapengo iliyo ya kawaida kuliko zote ni pigo la mapema la chumba cha juu lililokwama, ambalo wimbi lake P limejificha ndani ya wimbi T lililotangulia. Mara nyingi halina hatari kubwa. Mwendo wa kawaida wa kupumua huweza kuzipanua na kuzipunguza nafasi. Na kama kila amri ya pili inakwama, hakuna pengo litakaloonekana. Moyo utadhaniwa kuwa wa polepole tu, mpaka njia itakapofunguka kwa mazoezi na mwendo kurukia maradufu kwa ghafula.

Tena, kizuizi chaweza kuletwa na dawa yenyewe. Digitali, ambayo William Withering aliieleza mwaka 1785 na ambayo imewasaidia wagonjwa wengi wa moyo, inaweza ikizidi kuifunga njia ya nodi. Kadhalika baadhi ya dawa za shinikizo la damu, na wingi wa potasi katika damu. Kwa mgonjwa wa namna hiyo tiba ni kuondoa kilichozidi. Kumpa chombo cha kuendesha moyo bila ya kuuliza anameza nini ni kuliziba tundu lisilovuja. Na kumwacha bila ya chombo yule ambaye nodi yake imechakaa kwa umri ni kumtazama akianguka tena.

Chombo hicho kilipandikizwa mwilini kwa mara ya kwanza tarehe 8 Oktoba 1958 huko Uswidi, na daktari Åke Senning kwa kazi ya mhandisi Rune Elmqvist. Kilipokuwapo, kusoma pengo hakukuwa tena elimu ya kupendeza tu, bali ni hukumu yenye matokeo. Mwaka 1961 Norman Holter alitangaza chombo cha kubebwa kinachoandika moyo kwa saa nyingi, mtu akiwa katika shughuli zake. Ndipo pengo likaweza kulinganishwa na saa ya kizunguzungu. Ulinganisho huo ndio msingi wa uamuzi hadi leo: urefu wa pengo peke yake hautoshi, hutakiwa ushahidi kwamba pengo ndilo lililomwangusha mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 madaktari walifaulu kuifikia nodi kwa nyaya zilizopitishwa ndani ya mishipa hadi moyoni. Katika wagonjwa kadhaa ilionekana kwamba, wakati vyumba vya juu vilipokuwa kimya kwa muda mrefu, nodi iliendelea kutoa amri zake. Liwali alikuwa akiandika siku zote hizo. Kile ambacho Stannius alikiona kwa chura, na ambacho wasomaji wa karatasi walikikisia kwa bikari, kilipata shahidi.

Hata hivyo nyaya hizo si kazi ya kila siku. Katika hospitali nyingi karatasi ndiyo iliyopo, na mkono wenye bikari. Anayeisoma hana budi kukumbuka kwamba haandikiwi kila kitu, na kwamba mahali patupu napo hupimwa kabla ya kuhukumiwa.