Kalamu ya Maelekezo katika Bara ya Kilifi

Msafiri atokaye mjini Kilifi akashika njia ya magharibi huiacha minazi na mikorosho nyuma yake, akaipita Jaribuni ilipo Kaya Kauma, msitu mtakatifu wa Wakauma, kisha akaingia katika nchi ya Ganze, ardhi kame ya vichaka na mashamba ya mahindi yangojayo mvua, iliyopakana upande mmoja na msitu wa Arabuko-Sokoke na upande wa bara ikaelekea Bamba. Nchi hii haikuwahi kusifika kwa matbaa wala kwa magazeti. Lakini mwenye kuitazama historia yake, pamoja na ile ya jirani zake wa Takaungu na Rabai, tangu katikati ya karne ya 19 hadi leo, ataona kwamba haikukosa watu ambao amali yao ilikuwa kuyatwaa maarifa ya mwenye kujua na kuyatia katika maneno ambayo mwenye kutenda ataweza kuyafuata. Siku hizi amali hiyo ina jina, nayo ni uandishi wa kiufundi; ina mishahara, na vijana huulizana namna ya kuianza. Zamani walioifanya waliitwa makarani, wakalimani, walimu na mabwana shamba, na aghalabu hapana aliyewahesabu kuwa waandishi. Kwa maoni yangu, historia yao ndiyo jawabu bora la swali la vijana hao.

Kalamu iliifikia nchi hii kwanza kutoka Takaungu. Baadhi ya watu wa ukoo wa Mazrui waliotoka Mombasa baada ya kushindwa na Sayyid Said mwaka 1837 walifanya makao huko, na biashara yao na Wagiriama, ya nafaka na pembe za ndovu, ilitaka hati. Waraka wa deni uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ukataja frasila na pishi, tarehe ya Hijra na majina ya mashahidi, na aliyeuandika alikuwa na dhamana nzito, maana neno moja lenye kukubali maana mbili lilitosha kuwafikisha watu wawili mbele ya kadhi. Ustadi huo ulipatikana chuoni kwanza, kwa kunakili, na baadaye kwa kukaa karibu na mwandishi mzoefu na kumtazama anavyowahoji wenye mali kabla ya kuchovya kalamu.

Rabai mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, nao wakapiga kituo miongoni mwa Warabai, wakaanza kuandika lugha ambazo hawakuzijua. Kitabu cha Krapf cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa mwaka 1850 na kamusi yake mwaka 1882, naye akiwa amekwisha kufariki; na kamusi ya lugha ya Wanyika, kama Wamijikenda walivyoitwa wakati ule, waliyoianza wote wawili ilitoka mwaka 1887. Lakini kisa nikitukuzacho zaidi ni cha Salimini, mateka aliyeletwa pwani kutoka nchi za Ziwa Nyasa, ambaye Rebmann alikaa naye akimwuliza maneno ya lugha yake hadi ikapatikana kamusi nzima, iliyochapwa mwaka 1877. Mtu kutekwa akapelekwa mbali na kwao, akaweza kuifafanua lugha yake neno kwa neno mbele ya mgeni asiyechoka kuuliza, hiyo ni kazi ya akili iliyo adimu. Jalada lilimtaja Rebmann. Vivyo hivyo William Ernest Taylor, aliyefika pwani mwaka 1880, alichapisha mwaka 1891 kitabu cha msamiati wa Kigiriama. Na maneno yaliyomo yalitoka vinywani mwa Wagiriama wenyewe, watu waliojua kila kifaa cha jikoni na cha shambani, na ambao kwa subira yao walimweleza mgeni kitu gani hutumiwa vipi. Hao nawahesabu kuwa waandishi, japo mkono ulioshika kalamu haukuwa wao.

Kisha yakaja maandishi ya namna isiyosikiliza. Mwaka 1912 serikali ya Waingereza ilimpeleka Arthur Champion kuwatawala Wagiriama, naye akaja na kodi ya nyumba, madai ya vibarua, wazee waliotiwa madarakani kwa amri, na hesabu za watu. Yote hayo yalikuwa maelekezo: fanya hivi, lete kile, hama hapa. Viongozi wa Wagiriama, Mekatilili wa Menza na Wanje wa Mwadorikola, waliwaapisha watu kuyakataa; mnamo Oktoba 1913 wakakamatwa, wakahamishwa hadi Kisii, wakatoroka na kurudi kwao; na mwezi wa Agosti 1914 Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, ikaripuliwa kwa baruti, vita vikazuka. Baada ya vita Wagiriama walitozwa faini ya rupia 100,000. Sisemi kwamba vita vile vililetwa na uandishi mbaya. Vililetwa na dhuluma. Ila jambo moja lanishangaza kila nilifikiripo: Champion huyo huyo aliandika katika siku hizo risala ndefu juu ya Wagiriama, desturi zao na maisha yao, ikakaa hadi mwaka 1967 ndipo ikapigwa chapa. Maarifa alikuwa nayo. Amri zake zilikwenda kana kwamba hakuwa nayo.

Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki ikaanza kazi. Uamuzi huo uliwapa waandishi wa maelekezo lugha moja ya kuchapia, na hapo hapo ukawatwika kazi mpya, kwa sababu msomaji wa Ganze alisema Kigiriama au Kikauma nyumbani, akasikia Kimvita sokoni, na sasa akapewa kijitabu kwa lahaja ya tatu. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilichapisha vitabu vya afya na vya ukulima kwa Kiswahili hicho. Aliyevifikisha shambani ni bwana shamba; na bwana shamba mwema alikuwa mfasiri wa pili, mwenye kukisoma kijitabu usiku na kukisema upya asubuhi. Mahindi ya Coast Composite yalipotolewa mwaka 1974, kwa kazi ya kituo cha Mtwapa, mbegu ilikwenda pamoja na maelezo ya nafasi na majira, na nafasi hiyo haikupimwa kwa rula, ilipimwa kwa kamba yenye mafundo na kwa hatua za miguu. Baadhi ya mabwana shamba walisomea Kilifi kwenyewe, katika chuo cha ukulima ambacho mahali pake leo pana Chuo Kikuu cha Pwani.

Lakini zama zilizoikuza fani hii kuliko zote zilianza mwaka 1989, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, pamoja na Wellcome Trust ya Uingereza, ilipoweka kituo chake katika hospitali ya Kilifi. Kati ya mwaka 1993 na 1995 vyandarua vilivyotiwa dawa ya permethrin vilijaribiwa katika vijiji vya wilaya, na watoto waliolazwa kwa malaria kali wakapungua kwa asilimia 44. Hesabu hiyo imeandikwa katika majarida makubwa ya dunia. Isiyoandikwa sana ni kwamba vyandarua vile vilitakiwa kutiwa dawa upya kila miezi sita, na kwamba kila utiaji ulitegemea maneno machache yaliyopangwa sawasawa.

Tuyatazame maneno hayo kwa karibu. Chandarua kifuliwe na kikauke kabisa, kwa kuwa kilicholowa hakinyonyi dawa kwa kipimo chake. Maji yapimwe. Mikono ivae glavu. Na agizo hili lazima litangulie agizo la kufungua chupa, kwani msomaji hutenda mstari mmoja mmoja na hangojei kufika mwisho wa ukurasa ndipo aonywe. Chandarua kikishatolewa katika maji ya dawa kisitundikwe, maana dawa huteremka ikajikusanya upande wa chini. Kitandazwe, na kitandazwe kivulini. Maji yaliyobaki yasimwagwe mtoni wala bwawani, kwa sababu dawa hiyo huua samaki. Hakuna humo neno gumu hata moja, ila atakayeyapanga bila kuwaona kina mama wakiwa na beseni na chandarua mkononi atakosea utaratibu, na kosa lake litalipwa na mtoto aliyelala chini ya chandarua kisicho na dawa.

Jambo lililo zito kuliko hilo lilikuwa fomu ya ridhaa. Mzazi huombwa mwanawe atolewe damu kwa ajili ya uchunguzi, naye ana haki ya kukataa bila kunyimwa matibabu. Mwaka 2004 Sassy Molyneux, Norbert Peshu na Kevin Marsh walichapisha utafiti uliofanywa katika pwani hii, ukabainisha kwamba wazazi wengi waliotia sahihi hawakuwa wameelewa barabara, na kwamba utafiti na tiba vilikuwa vimechanganyika katika fikra zao. Nauheshimu uungwana wa kituo kuyatangaza hayo juu ya kazi yake chenyewe. Fomu hizo huandikwa kwa Kiingereza, zikafasiriwa kwa Kiswahili na Kigiriama, kisha mtu mwingine akazirudisha kwa Kiingereza bila kuiona asili, ili zilinganishwe. Damu ya mililita 5 hutajwa kuwa kijiko kimoja cha chai. Na wawakilishi waliochaguliwa vijijini huulizwa maoni yao kabla ya kazi kuanza.

Wafanyao kazi hiyo ya mlangoni kwa mtu ni vijana wa nchi hii hii, wengi wakiwa wameianza na cheti cha kidato cha nne na uhodari wa kusema Kigiriama cha wazee. Huanza kwa kubeba fomu na kuzisoma kwa sauti. Asomaye kwa sauti nyumba baada ya nyumba hujua, kabla ya daktari na kabla ya kamati, ni sentensi ipi humfanya mama anyamaze na ipi humfanya aulize. Na kijana mwenye bidii huiandika alama pembeni, akaipeleka ofisini, na fomu ya mara nyingine ikatoka imenyooka. Baadhi yao hupanda wakawa wasimamizi, wakafundisha wengine, wakatunga maelekezo ya maabara na ya uwandani. Elimu ya chuo kikuu huwasaidia, tena nawatakia wote waipate. Hata hivyo sijaona mwandishi wa maelekezo aliye bora ambaye hakupitia kwanza mlango huo wa kuulizwa maswali na yule atakayeyafuata maelekezo.

Fomu hizo huwa na jina la mtafiti mkuu, jina la taasisi, na nambari ya simu ya kuuliza. Nafasi ya jina la aliyefasiri kwa Kigiriama ingetosha mstari mmoja chini ya ukurasa wa mwisho, nami naomba mstari huo uwekwe.