Kukodisha Boti ya Uvuvi kwa Watalii: Mkataba, Samaki na Haki ya Nahodha

Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam).

Wenye boti wa Watamu, Shimoni na Nungwi huchukua wageni wanaotaka kuvua sulisuli, jodari na nguru kwa mshipi, hasa msimu wa kaskazi. Asili ya kazi hii ni halali. Surat Al-Maidah, aya ya 96, imehalalisha mawindo ya baharini. Vibali vya mamlaka ya bahari na ya uvuvi ni lazima, na ndani ya hifadhi kama ya Watamu usivue kabisa. Lakini panapoharibika mara nyingi ni kwenye mkataba.

Unauza nini hasa? Mgeni analipia boti, nahodha, vifaa na muda. Hiyo ni ijara, na sharti lake ni manfaa na malipo yajulikane: saa ngapi, watu wangapi, mafuta na chambo ni juu ya nani. Samaki aliye majini hauzwi, kwa kuwa ni gharar. Kwa hiyo usimuahidi mgeni kwamba atapata.

Na akipatikana, ni wa nani? Boti nyingi zina desturi ya samaki kubaki kwa mwenye boti. Hapa pana tatizo, maana windo ni la aliyelikamata, na ukilifanya sehemu ya nauli umeingiza malipo yasiyojulikana. Lililo salama ni samaki awe wa mgeni. Mkishafika pwani, akitaka kukupa atakupa, na ukitaka kununua mtapatana bei naye akiwa ameshapimwa.

Bahari ikichafuka au mashine ikagoma kabla ya kuondoka, rudisha pesa zote, kwani manfaa hayakupatikana. Mgeni asipotokea bila udhuru, kuzuia arbuni yake kunakatazwa na wanazuoni wengi, wakiwemo Mashafii. Mahanbali wanaruhusu, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi liliruhusu mwaka 1993, ijara ikiwemo, kwa sharti muda wa kungoja uwe umewekwa.

Sasa haki ya nahodha, ambayo ndiyo inayoleta ugomvi zaidi. Kuna njia tatu. Ya kwanza ni mshahara maalumu, nayo haina mgogoro. Ya pili ni mafungu, yaani boti ipate sehemu na watu wapate sehemu. Mashafii hawaisahihishi, ila Ibn Qudama katika Al-Mughni ametaja kuwa kwa kipimo cha kauli za Imam Ahmad inafaa, kama shamba linavyotolewa kwa sehemu ya mazao. Anayeifuata aweke asilimia, asijikatie kiasi maalumu kwanza ndipo wengine wagawane kinachobaki.

Ya tatu ni kumkodisha nahodha boti kwa shilingi kadhaa kwa siku. Hii ni ijara sahihi, lakini wengi wanaigeuza dhulma. Mashine ikiharibika bila uzembe wake, matengenezo ni juu ya mwenye boti. Nahodha ni amini, si mdhamini. Kumkata siku mbili tatu za kazi ili ununue vipuri ni kula mali yake kwa batili, hata kama bandari nzima inafanya hivyo.

Pombe isipande botini, iwe yako au ya mgeni, maana Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) amemlaani hata mbebaji wake. Mwambie mgeni kabla hajalipa. Ama kumvuta samaki kwa burudani tu kisha kumwachia, wanazuoni wengi wanalichukia na wapo wanaoliharamisha, kwa kuwa ni kumtesa kiumbe bila haja. Wavue wa kula.

Mkopo wa riba wa kununulia mashine haufai. Tafuta mshirika au murabaha. Boti yenyewe haina zaka. Zaka iko katika pesa zake zikifikia nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na zikapitiwa na mwaka wa Hijria.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.