Taji bandia la jino

Taji bandia la jino ni kifuniko cha metali au kauri kinachovishwa juu ya jino na kufunika sehemu yote inayoonekana juu ya ufizi. Huwekwa na daktari wa meno kwenye jino lililooza sana, lililovunjika au lililotibiwa mizizi.

Faida yake kuu ni kuliokoa jino lising'olewe. Gego lenye tundu kubwa, hata likizibwa, hubaki na kuta nyembamba zinazoweza kupasuka wakati wa kutafuna. Taji huzishika pamoja. Jino likiisha kung'olewa, meno ya jirani huweza kuinamia pengo.

Daktari hupunguza jino pande zote na kuchukua umbo lake, kisha taji hutengenezwa na kugandishwa kwa saruji maalumu. Enameli iliyosagwa hairudi, hivyo jino lenye afya halivishwi taji bila sababu.

Nchini Tanzania wagonjwa wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa, na jino hung'olewa. Mkazi wa kata ya Dunda, mjini Bagamoyo, akihitaji matibabu ya kibingwa huweza kwenda Dar es Salaam, ambako Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha madaktari wa meno. Akiwahi, jino lake huweza kuokolewa.

Taji lenyewe haliozi, lakini jino lililo chini yake huweza kuoza kuanzia ukingoni, karibu na ufizi. Kwa hiyo kupiga mswaki mara mbili kwa siku hubaki muhimu.