Kadogo: Jina, Kitenzi na Swali la Lawama katika Historia ya Maniema

Katika Kiswahili cha Kindu, kiambishi ka- ni cha kila siku: katoto, kanyumba, kadogo. Hudokeza udogo, na mara nyingi huba. Insha hii inachunguza jinsi neno hilo la huba lilivyogeuka kuwa jina la askari, na swali lililofuatana nalo: mtoto akibeba silaha, lawama ni ya nani?

Jambo lenyewe ni la kale kuliko jina. Simba walipoiteka Kindu Julai 1964, safuni mwao walikuwamo vijana wengi, baadhi yao wangali watoto, wakiamini kwamba dawa itageuza risasi kuwa maji. Jina "kadogo" lilienea katika vita vya 1996–1997, pale AFDL ya Laurent-Désiré Kabila ilipokusanya maelfu ya watoto kuanzia Kivu. Jeshi hilo liliingia Kindu mwishoni mwa Februari 1997, na Kinshasa tarehe 17 Mei. RCD ilipoiteka Kindu Oktoba 1998, watoto walionekana tena vitani, upande wa waasi na upande wa Mai-Mai.

Tutazame sasa vitenzi. Husemwa: "kadogo alijiunga". Kiambishi -ji- kinamfanya mtoto kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja; aliyemchukua hayumo katika sentensi. Tukisema "aliandikishwa", papo hapo msikilizaji huuliza: na nani? Tofauti hiyo si ya sarufi tu. Januari 2000, mahakama ya kijeshi mjini Kinshasa ilimhukumu kifo askari mtoto wa miaka 14, naye akauawa muda mfupi baadaye. Adhabu ilimwangukia aliyeandikishwa.

Sheria ilichelewa kuuliza "na nani", lakini iliuliza. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu kwa kifungo cha miaka 10 hadi 20 anayemwingiza mtu wa chini ya miaka 18 katika jeshi au kundi lenye silaha. Tarehe 14 Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga wa Ituri, na kuamua kwamba ridhaa ya mtoto wa chini ya miaka 15 si utetezi. Kwa maneno mengine, "alijiunga" haimwokoi aliyempokea.

Wapo watakaosema kwamba tunawasahau waliofiwa. Hoja yao ni nzito: risasi ya mtoto huua sawa na ya mtu mzima. Basi hatusemi kwamba mtoto hakutenda. Twasema kwamba kutenda ni jambo moja, na kubeba lawama yote ni jingine. Aliyerudi anaweza kuulizwa ukweli, na waliofiwa wana haki ya kuusikia. Deni kubwa ni la yule aliyemkabidhi bunduki.

Makadogo wa 1997 leo ni watu wazima, wengine ni wazazi. Wanafunzi wetu wanaokusanya masimulizi katika Kasuku, Mikelenge na Alunguli hawana budi kuandika kila kitenzi kama kilivyotamkwa, kisha waulize kwa upole: na nani?