Amani, Upendo na Shukrani katika Historia ya Abayudaya: Kutoka Gangama hadi Wandegeya

Utangulizi

Wandegeya iko chini ya kilima cha Makerere, mahali ambapo Barabara ya Bombo hukutana na njia ipandayo kuelekea lango kuu la chuo kikuu. Jina lake linatokana na endegeya, neno la Kiganda la mnana, ndege mdogo mwenye bidii ya kufuma kiota chake unyasi mmoja baada ya mwingine. Leo mtaa huu unajulikana zaidi kwa soko, msikiti, maduka ya kunakili karatasi na wapishi wa chapati za mayai ambazo wanafunzi wameziita roleksi. Anayepita mbele ya mpishi humwambia gyebale. Mswahili angesema pole na kazi. Salamu hizi mbili hutumika mahali pamoja lakini hazina maana moja: Kiswahili humwonea huruma mtu aliye kazini, ilhali Kiganda humshukuru.

Katika mtaa huu wa shukrani za papo kwa papo hufikia pia vijana wa jamii ndogo yenye makao yake makuu zaidi ya kilomita 200 kuelekea mashariki, katika vilima vya Mbale. Hao ni Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Wageni wengi walioandika habari zao wamewasifu kwa furaha, nyimbo na upole, kana kwamba hizo ni tabia za kuzaliwa. Makala haya yanadai kwamba amani na shukrani ya Abayudaya si hulka. Ni kazi yenye ratiba, iliyojengwa juu ya Sabato, chakula na jirani, na kwa sababu ina ratiba inaweza kugongana na ratiba za wengine. Mgongano huo hauonekani sana Mbale. Unaonekana Wandegeya.

Jemadari na Torati

Mwanzilishi wa jamii hii hakuwa mtu wa amani. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda na Mkristo wa Kiprotestanti, na alishiriki katika msafara uliomkamata Kabaka Mwanga na Mukama Kabalega mwaka 1899. Aliwatwalia Waingereza sehemu kubwa ya mashariki mwa Uganda akitumaini kuwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Walimtumia, kisha wakampunguzia madaraka hatua kwa hatua. Wanahistoria kadhaa wameieleza safari yake ya kidini kuwa hasira ya mtu aliyenyimwa ufalme. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Hasira ingeweza kumpeleka kwenye uasi au kwenye pombe. Haielezi ni kwa nini ilimkalisha chini kusoma.

Kwanza alijiunga na Abamalaki, waumini waliokataa dawa za hospitali kwa hoja za Biblia. Alipozidi kusoma Agano la Kale katika tafsiri ya Kiganda, alifikia amri ya tohara na hakuona ruhusa yoyote ya kuiruka. Wenzake walimwonya kwamba hiyo ni desturi ya Wayahudi. Jibu lake, kama jamii inavyolisimulia, lilikuwa kwamba basi tangu siku hiyo yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga Gangama, chini ya Mlima Elgon. Mwaka 1922 alichapisha kwa Kiganda kitabu cha kanuni na sala. Katika miaka hiyo ya 1920 alifika Myahudi mgeni aliyeitwa Yosef, akakaa na jamii kwa miezi kadhaa akiifundisha kalenda, sikukuu, sala na namna ya kuchinja. Kakungulu alifariki mwaka 1928, na wafuasi wake wakabaki na vitu viwili tu vya kushika: maandiko na juma la siku saba.

Jina walilojiita lina uzito wake. Abayudaya ni watu wa Yuda, na katika Mwanzo 29:35 Lea anamwita mwanawe wa nne Yuda kutokana na neno la Kiebrania la kusifu na kushukuru. Kuwa Myahudi, kwa asili ya jina lenyewe, ni kuwa mtu wa shukrani. Desturi ya marabi haikuliacha jambo hilo lielee katika moyo, ililipangia hesabu. Mtu anatakiwa atamke baraka mia moja kila siku: kabla ya mkate, kabla ya tunda, anapoamka, anapoona upinde wa mvua, anapoona miti ya matunda ikichanua katika majira ya Pasaka. Uzuri wa kila siku haungoji mtu awe na utulivu ndipo auone. Anaamriwa asimame autaje, hata akiwa na haraka.

Shukrani chini ya marufuku

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere, alikutana na Samson Mugombe, kiongozi wa Abayudaya wa wakati huo, kisha akaandika juu ya jamii hiyo. Hivyo sehemu ya kumbukumbu za kitaaluma za watu hawa wa vijijini ilianzia juu ya kilima kinachoitazama Wandegeya. Wakati ulikuwa mzuri. Israeli ilikuwa rafiki wa serikali ya Uganda, na kuwa Myahudi hakukuwa hatari.

Mambo yaligeuka chini ya Idi Amin. Mwaka 1972 aliwafukuza Waisraeli, na ibada ya Kiyahudi ikapigwa marufuku katika miaka hiyohiyo. Masinagogi yalifungwa. Inakadiriwa kwamba jamii iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ilibaki na mamia machache tu. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu, na haifai kuwahukumu, kwa kuwa waliobatizwa walikuwa na watoto wa kulea na mashamba ya kulinda.

Kinachostahili kuchunguzwa ni kile ambacho waliobaki waliweza kukishika. Jengo hawakuwa nalo, na kusali pamoja hadharani kulikuwa hatari. Lakini askari hawezi kumkamata mtu kwa kutopika siku ya Jumamosi. Hawezi kusikia baraka inayosemwa kwa sauti ya chini juu ya muhogo. Dini iliyokwisha kushuka hadi jikoni haikuhitaji ruhusa ya mtu ili iendelee, na ndiyo sababu mambo yanayoonekana madogo katika sheria ya Kiyahudi, yale ambayo mtu wa nje huyaona kuwa usumbufu, ndiyo yaliyoibeba jamii katika miaka hiyo.

Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala. Jua lilipotua siku hiyo, kwa kalenda ya Kiyahudi, Pasaka ilianza: sikukuu ya kutoka Misri. Msomaji wa Afrika Mashariki amezoea kuisoma tarehe hiyo katika historia ya Vita vya Kagera. Abayudaya huisoma pia katika kitabu cha Kutoka.

Kahawa yenye jina la amani

Ufufuo wa miaka ya 1980 uliongozwa na vijana, miongoni mwao Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, waliorudi kuishi na kusali pamoja katika kilima cha Nabugoye. Waliziimba Zaburi kwa Kiganda na kwa Kiebrania kwa mahadhi ya nyumbani, na nyimbo hizo zilitolewa na Smithsonian Folkways mwaka 2003. Sizomu alisomea urabi Los Angeles, akawekewa mikono mwaka 2008, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini, jimbo ambalo wapiga kura wake wengi mno si Wayahudi.

Keki alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001 na aliyashuhudia mashambulizi. Aliporudi alikwenda nyumba kwa nyumba kwa majirani zake Waislamu na Wakristo, na mwaka 2004 wakaanzisha ushirika wa wakulima wa kahawa wenye jina Mirembe Kawomera, yaani amani tamu. Kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California ilikubali kuinunua kahawa yao kwa bei ya biashara ya haki. Amani iliuzwa kwa Shukrani. Msemaji yeyote wa hadhara angetamani kulibuni hilo, lakini ndivyo majina yalivyokuwa.

Upendo kwa jirani katika ushirika huu una umbo linaloonekana. Mkulima akichanganya buni mbichi na zilizoiva, au akizikausha vibaya, anaharibu mzigo wa wote, na hasara humfikia mwenye msikiti sawasawa na mwenye sinagogi. Kwa hiyo kila mmoja ana sababu ya kumfundisha mwenzake na ya kumsamehe. Jambo la namna hiyo lipo pia katika Shule ya Msingi Hadassah na Shule ya Sekondari ya Semei Kakungulu, ambako watoto wa Kikristo na wa Kiislamu husoma pamoja na wa Kiyahudi.

Simulizi hii ya kahawa imesambaa duniani, na inastahili. Hata hivyo kuna hatari katika utamu wake. Inawafanya wasomaji waone kwamba suala la dini ndogo Uganda limekwisha kutatuliwa kijijini na watu wema, na kwamba dola haidaiwi chochote.

Jumamosi ya Makerere

Mwanafunzi wa Kiyahudi anayehamia Wandegeya anaacha nyuma sinagogi, jamaa na mchinjaji. Nyama ya madukani Kampala kwa desturi huchinjwa na Waislamu, na anayeshika sheria yake kikamilifu ataishia kwenye maharage, ndizi na ile roleksi ya kando ya barabara. Hilo si tatizo kubwa, kwani mayai na chapati vimewalisha wanafunzi wa kila dini. Tatizo liko kwenye ratiba ya masomo.

Makerere hufundisha na kutahini siku yoyote ya juma. Wanafunzi watatu wa Kanisa la Waadventista Wasabato walipinga jambo hilo mahakamani, wakidai kwamba mitihani ya Jumamosi inawalazimisha kuchagua kati ya shahada na imani. Mwaka 2003 Mahakama ya Katiba haikukubali kwamba sera ya chuo ilivunja Katiba, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yao. Abayudaya hawakuwa sehemu ya shauri lile. Hata hivyo, hukumu iliyotolewa juu ya Sabato ya Waadventista, ambao ni wengi na wana chuo kikuu chao Bugema, inawaangukia kwa uzito zaidi watu wachache wasio na chuo kikuu chao.

Hoja ya chuo haikuwa ya chuki. Wanafunzi ni wengi, kumbi ni chache, na kila dini ikidai siku yake juma litakwisha. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba ratiba iliyopo haina dini, na hapo ndipo penye kasoro. Kifungu cha 7 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinasema nchi haitakuwa na dini ya dola. Hata hivyo Jumapili ni siku ya mapumziko, na Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka, Krismasi na Idi zote mbili ni sikukuu za taifa. Mkristo na Mwislamu wamepewa sehemu ya kalenda bila kwenda mahakamani. Kwa mtu wa Sabato, mtihani mbadala wa siku nyingine ungegharimu msimamizi mmoja na chumba kimoja. Zaidi ya hayo, Sabato kwa Abayudaya si siku ya kupumzika tu. Kama historia ya miaka ya Amin inavyoonyesha, ndiyo mhimili ambao shukrani na amani zao zimefungwa kwake. Anayesifu kahawa ya Mbale na kuiona Jumamosi kuwa jambo dogo anasifu tunda huku akikata mti.

Ijumaa jioni Wandegeya haipungui kelele. Adhana husikika, daladala zinazoitwa teksi hujipanga kuelekea Bwaise na Kawempe, na wapishi huwasha taa juu ya makarai yao. Katika chumba cha kupanga, mwanafunzi anayeshika Sabato huwasha mishumaa kabla jua halijatua, husema baraka juu ya mkate alioununua mchana, na hufunika vitabu vyake. Kama mtihani umepangwa kesho saa tatu asubuhi, ataamka akiwa na uamuzi ambao mwenzake wa chumba cha jirani hajawahi kuombwa aufanye.