Dhamana ya Uongozi na Nguvu za Dola: Fundisho la Mwanza na Shinyanga

Kila dola ina polisi, mahakama na magereza. Swali la kisiasa ni hili: vyombo hivi vinamtumikia nani, na anayevishika anawajibika kwa nani? Kada asiyejiuliza hivyo bado hajaielewa dola.

Wakoloni walikuwa na jibu lao. Chini ya Wajerumani askari wa boma alitembea na kiboko, na adhabu ya viboko 25, ambayo wazee wetu waliiita "hamsa ishirini", ilitolewa hadharani ili watazamaji waogope. Polisi walioundwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza walilinda amri ya mkoloni, kodi yake na mali yake. Askari huyo aliwajibika kwa bwana mkubwa tu. Mwananchi hakuwa na pa kumshtakia. Mwaka 1961 bendera ilibadilika kwa usiku mmoja. Mazoea ya kazi hayabadiliki kwa usiku mmoja.

TANU ilitambua hatari hiyo. Mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ili kupokea malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa dola. Mwongozo wa 1971 ukakemea viongozi wenye kiburi, dharau na uonevu. Lakini maandishi hupimwa kwa matendo, na kipimo kilikuja upande wa Ziwa Victoria.

Katikati ya miaka ya 1970 mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mauaji, hasa ya wazee waliotuhumiwa uchawi. Kuyakomesha ulikuwa wajibu halali wa Serikali. Mwaka 1976 polisi na maofisa wa usalama waliwakamata watu wengi ili kuwahoji. Katika kuhojiwa, watuhumiwa waliteswa, na baadhi yao wakafa mikononi mwa dola. Kazi iliyoanzishwa kwa ajili ya kulinda uhai iliishia kuutoa.

Habari zilipothibitika, mwanzoni mwa 1977 walijiuzulu Ndugu Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, na Ndugu Peter Siyovelwa, Waziri wa Nchi aliyehusika na usalama. Wakuu wa mikoa hiyo miwili nao walijiuzulu. Ndugu Mwinyi hakumpiga mtu wala hakuagiza mtu apigwe. Alijiuzulu kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya dhamana yake. Baadhi ya maofisa walifikishwa mahakamani.

Tunajifunza nini?

Kwanza, lengo jema halihalalishi mateso. Ungamo linalotolewa kwa kipigo halimfichui muuaji. Linamtoa yeyote aliyeshindwa kuvumilia maumivu.

Pili, uwajibikaji una ngazi mbili. Mtendaji hujibu mbele ya sheria kwa alichokitenda. Kiongozi hujibu mbele ya umma kwa alichokiacha kitendeke. Ngazi moja haichukui nafasi ya nyingine.

Tatu, kuwajibika hakumwangamizi kiongozi. Ndugu Mwinyi alipelekwa kuwa Balozi nchini Misri, na mwaka 1985 wananchi walimchagua kuwa Rais.

Wakati wa matukio hayo Katiba haikuwa na sura ya haki za binadamu. Iliingizwa mwaka 1984, na inapiga marufuku kumtesa mtu au kumpa adhabu ya kinyama. Kwa hiyo sheria leo ina nguvu zaidi kuliko 1976. Je, na dhamana? Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, wilayani Mufindi, mwandishi wa habari Daudi Mwangosi aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu naye, polisi walipokuwa wakitawanya mkutano wa chama cha upinzani. Mwaka 2016 mahakama ilimfunga askari mmoja miaka 15. Ngazi ya kwanza ilitimizwa. Ya pili haikuonekana: hakuna waziri aliyeachia ngazi.

Hapo ndipo kada anapopaswa kusimama imara. Dola ikimtupa askari wa chini na kuwafunika waliomtuma, inarudi polepole kwenye desturi ya boma: amri hushuka, lawama haipandi. Chama kinachoongoza dola hakiwezi kulitazama jambo hilo kwa mbali, kwa sababu mwananchi aliyepigwa hatofautishi rungu la askari na mkono wa Serikali. Wajibu wetu, katika tawi, darasani na kikaoni, ni kuuliza kila mara: nani alitenda, na nani alikuwa na dhamana?