Mwalimu na Jiko la Gesi

Wahenga walituachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimewaandikia wanafunzi usemi huo ubaoni mara nyingi, tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu nikiwa mwalimu mkuu. Nyumbani kwangu Ngombezi ufa wenyewe ulikuwa kwenye mpira wa gesi, na ilibaki kidogo tu nijengewe kaburi badala ya ukuta. Kisa hicho kimenifanya nifikirie upya historia ya moto tunaoupikia.

Mama yangu alipikia mafiga matatu. Alijua ni kuni zipi zina moshi na zipi hutunza makaa hadi alfajiri. Milingoti mikavu ya mkonge, zao ambalo Dakta Richard Hindorf alilileta nchini mwaka 1893, aliitumia kuwashia tu, kwa sababu hushika haraka lakini haidumu. Maarifa hayo hayakuandikwa popote. Binti aliyapata kwa kukaa jikoni na kukosea mbele ya mama yake, naye alisahihishwa papo hapo.

Kisha ikaja stovu ya pampu, inayotumia mafuta ya taa. Asili yake ni Sweden, ambako Frans Wilhelm Lindqvist aliunda stovu ya Primus mwaka 1892. Sisi walimu vijana wa miaka ya 1970 tuliiona kuwa alama ya maendeleo. Ilikuwa na sindano nyembamba ya kuzibulia kitundu cha mafuta, na mpishi asiyejua kuitumia alilala na njaa. Lakini bei ya mafuta ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979, na baada ya vita vya Kagera mafuta ya taa yakawa ya kupangia foleni. Wengi wetu tukarudi kwenye kuni na mkaa. Mwaka 2011 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na hapo stovu nyingi zikatupwa uvunguni.

Ndipo watoto wetu wakatuletea jiko la gesi, lenye sehemu nne za kupikia juu na oveni chini. Nilifurahi sana. Niliwaambia majirani kuwa hii ndiyo gesi yetu wenyewe, iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Kumbe nilikuwa nawapotosha. Gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay, ambayo ililetwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004 na mwaka 2015, kwa sehemu kubwa ni methani, nayo ni nyepesi kuliko hewa. Gesi ya mtungi ni propani na butani zilizokandamizwa hadi zikawa kimiminika, na kwa kawaida hutufikia kwa meli kutoka nje. Hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, bali hushuka sakafuni na kutulia kama maji kwenye bonde. Tofauti hiyo msomaji aishike, maana nitairudia.

Baada ya miezi kadhaa moto ulianza kuwa wa manjano, na sufuria zikawa na masizi kama za kwenye kuni. Nilimlaumu mwuza gesi, kisha, Mungu anisamehe, nikamlaumu mke wangu. Yeye hakubishana nami. Alisubiri jiko lipoe, akafunga mtungi, akainua vichwa vya kutolea moto na kuviosha kwa maji ya sabuni. Vitundu vilivyozibwa na uji uliofurika alivizibua kwa sindano, na kwenye kibomba cha chini akatoa utando wa buibui. Alivikausha barabara na kuvirudisha. Alipowasha kiberiti, moto ukawa wa buluu, tulivu, wenye ncha kali.

Nikamwuliza alijifunza wapi. Akajibu, "Mwalimu, si ni stovu tu hii? Mama alituambia moto ukilia, mtazame puani."

Niliona haya. Kwa miaka mingi nilikuwa nimechora ubaoni taa ya Bunsen. Niliwaeleza wanafunzi kuwa Robert Bunsen, mwanakemia wa Heidelberg huko Ujerumani, alitaka moto mkali usio na masizi, na kwamba mwaka 1855 yeye na fundi Peter Desaga walifanikiwa. Gesi hutoka kwenye kitundu kidogo, huvuta hewa pembeni, na viwili hivyo huchanganyika kwenye bomba kabla ya kuungua. Hewa ikitosha, moto huwa wa buluu. Hewa ikizuiwa, huwa wa manjano na hutoa masizi. Jiko letu ni taa hiyohiyo ya Bunsen iliyolazwa chini ya sufuria. Buibui alikuwa ameziba njia ya hewa, nami, mwenye cheti, sikuutambua mchoro wangu mwenyewe.

Oveni nayo ilikuja na fumbo lake. Ukiiwasha inawaka, ukiachia kitufe inazimika. Ndani yake kuna kijiti cha metali mbili kinachoitwa themokapo. Thomas Seebeck aliugundua msingi wake mwaka 1821: metali mbili tofauti zikiunganishwa, na ncha moja ikapata joto, umeme kidogo huzaliwa. Umeme huo ndio unaoshikilia mlango wa gesi uwe wazi. Moto ukizimwa na upepo, kijiti hupoa na mlango hujifunga wenyewe. Kwa hiyo mpishi hana budi kushikilia kitufe kwa muda, kama sekunde 10 au 15, hadi kijiti kipate joto. Kikiwa na masizi kifutwe taratibu. Kikiwa kimehama kwenye moto kirudishwe mahali pake. Kikiwa kimekufa fundi aweke kingine. Fundi mmoja alitushauri tukifunge kifaa hicho kwa waya kisitusumbue. Tulimshukuru kwa kufika, tukamsindikiza.

Sasa niseme kuhusu ule ufa. Usiku mmoja umeme ulikatika. Kabla ya alfajiri niliamka, nikaenda jikoni kutafuta maji, nikasikia harufu kama ya yai viza. Nilidhani panya amefia nyuma ya kabati. Nikatoa kiberiti mfukoni ili nimulike sakafuni, palepale ambapo gesi nzito hutulia. Mke wangu alikuwa amenifuata. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, usiwashe." Alifungua mlango na madirisha, akafunga mtungi gizani kwa kupapasa, tukakaa nje tukisubiri kuche. Asubuhi tulipaka povu la sabuni kwenye mpira, na karibu na reguleta mapovu yakachemka. Mpira ulikuwa umekauka na kupasuka. Nilikuwa nimeuona umechakaa, nikajiambia nitanunua mwingine mwisho wa mwezi.

Harufu ile nayo ina historia, na inamhusu kila mwalimu. Tarehe 18 Machi 1937, shule moja huko New London, Texas, Marekani, ililipuka kwa sababu gesi isiyo na harufu ilikuwa imejaa chini ya sakafu. Watu karibu 300 walikufa, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo sheria ikataka gesi itiwe dawa inayonuka, ili pua ionye kabla ya cheche. Harufu iliyotuokoa Ngombezi ililipiwa na watoto wale. Mke wangu aliiheshimu bila kuijua habari yao. Mimi niliyesoma niliidhania panya.

Mwezi Mei 2024 nchi yetu ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwa lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono, maana moshi wa kuni umeyaharibu macho na mapafu ya mama zetu. Lakini mafiga yalikuja pamoja na mafunzo yake, na stovu ilikuja na sindano yake. Mtungi unaingia nyumbani bila mwalimu. Anayeupeleka kwa wazazi wake kijijini akae nao siku mbili. Awaonyeshe moto wa buluu na wa manjano, awafundishe kupaka povu la sabuni, na kufunga mtungi kabla ya kulala.

Kwetu mpira hubadilishwa mara tu unapoanza kukauka, bila kungoja mwisho wa mwezi. Mkaguzi ni mke wangu. Mimi hubeba bakuli la povu.